Pampu Nyuma ya Mkanda

Walimwita Bi Nati, na hakuna aliyemwita hivyo kwa dharau. Mikono yake ilikuwa myembamba, ikipita mahali ambapo mafundi wenye misuli walichubuka vidole na kuishia kutukana. Gereji yake ilikuwa banda la mabati, sakafu ya saruji iliyolowa oili, na kabati la spana alilolifunga kwa kufuli hata akienda msalani. Sheria yake ilikuwa moja: ukishafungua, usifunge kabla hujakagua kilichojificha. Gari likiletwa kubadilishwa mkanda wa taimingi, na pampu ya maji iko nyuma ya mkanda huo huo, alimwita mwenye gari aingize mkono aitikise mwenyewe. "Shika. Usiniamini mimi, amini vidole vyako." Mtu akishahisi pampu inacheza, habishani tena. Kifaa chenyewe ni kidogo. Kukifikia ndiyo kazi ya siku nzima.

Sheria hiyo hakufundishwa kwa upole. Miaka tisa nyuma alikuwa fundi katika gereji kubwa, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na wawili. Siku moja alifungua mkanda wa basi dogo la shule, akaona pampu inavuja, akamwomba fundi mkuu waibadilishe kabisa maadamu wameshafika. Fundi mkuu hakuinua hata macho kutoka kwenye chai yake. "Weka mkanda, funga." Akafunga. Miezi mitatu baadaye pampu ikakwama, mkanda ukakatika, vali zikagonga pistoni, injini ikawa chuma chakavu. Mwenye basi alipokuja juu, fundi mkuu alimnyooshea Bi Nati kidole mbele ya wote.

"Nilimwambia abadilishe pampu, akapuuza."

Akaamriwa avue ovaroli pale pale. Alitoka getini na fulana iliyotoboka, na wenzake wote ghafla wakawa wanatafuta kitu chini ya magari.

Kwa miaka miwili hakuna gereji iliyompokea. Alifua nguo za watu. Sabuni ilimchuna mikono, na kila alipokamua shuka, moyoni alikuwa anakamua shingo. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, mwachie Mungu."

"Nimemwachia, mama. Lakini akichelewa, mimi nipo."

Basi asubuhi moja pikapu nyeupe ikaingia bandani, akashuka mzee mmoja mwenye kikohozi cha kujitangaza. Bi Nati alimjua kabla hajafunga mlango: yule fundi mkuu. Mzee hakumjua.

"Habari za kazi, mama. Nasikia wewe ndiye bingwa wa mikanda." Akapiga bodi ya pikapu kwa kiganja. "Nimestaafu. Kiinua mgongo changu chote kiko hapa. Huyu sasa ndiye anayenilisha mimi na mke wangu, umtunze."

"Nitamtunza," akasema Bi Nati, na moyo ukamruka kwa furaha mbaya.

Alifungua. Pampu ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, na pembeni mwake maji yalikuwa yamevuja yakakauka, yakaacha utando mweupe. Ikienda sana, miezi mitatu. Mzee alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, hatua tano tu kutoka pale. Kumwita ashike kungehitaji neno moja. Neno hilo Bi Nati alilimeza.

"Mzee, na pampu tubadilishe?" akauliza, kama mtu anayeuliza saa.

"Weka mkanda, funga." Wala hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Sema kwa sauti, mzee, na Cheche asikie."

Cheche alikuwa mchomeleaji wa banda la pili. Mzee akarudia kwa sauti, akiudhika. Bi Nati akaweka mkanda, akafunga, na nati zote akazikaza barabara, maana hakutaka lawama nyingine yoyote.

Pikapu ilipoondoka Cheche alivua miwani yake myeusi. "Dada, mbona leo hukumwita ashike?"

"Ana masikio."

"Kwani wale wengine wote hawana?"

"Cheche, kachomelee geti lako."

Kuanzia siku hiyo alihesabu wiki. Alilala vizuri kuliko miaka yote, na tuseme kweli, akanenepa. Akiosha vyombo alifanyia mazoezi hotuba yake, akiongeza neno hapa, akinoa tusi pale. Malipo ni hapa hapa duniani, na safari hii mlipaji alikuwa yeye.

Wiki ya kumi na moja pikapu ikaja ikivutwa kwa kamba.

"Mkanda umekatika, injini imekufa!" mzee akafoka mbele ya wateja. "Nilikwambia ubadilishe pampu, ukapuuza!"

"Mzee, mimi nilikuwepo," akasema Cheche. "Ulisema weka mkanda, funga. Ukasema mara mbili."

Wateja wakacheka. Mzee akatazama huku na huku, hakuona wa kumuunga mkono, akajikalia chini kando ya gurudumu. "Sina kingine," akasema. "Nilichokuwa nacho ndicho hiki."

Ulikuwa utamu ule ule aliouota. Bi Nati akamsogelea, akasimama juu yake.

"Unanikumbuka?"

Mzee akainua uso.

"Ile gereji kubwa. Miaka tisa iliyopita. Ulinivua ovaroli mbele za watu kwa sababu ya injini uliyoiua mwenyewe."

Alitarajia ashtuke, au akane, au aombe radhi. Mzee alimtazama muda mrefu, akikunja uso kama mtu anayetafuta kitu chumbani.

"Niliowafukuza namna hiyo walikuwa wengi, mama," akasema, bila haya, kwa uchovu tu. "Wewe ni yupi?"

Hotuba yote akaisahau. "Wa basi la shule," akasema Bi Nati, na akaisikia sauti yake mwenyewe ikimbembeleza.

"Basi la shule." Mzee akafikiri kwa bidii, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Hilo silikumbuki."