Kichwa Nilichokiinamisha

Mwaka juzi alikuja mgeni mmoja hapa kwangu Olasiti, ana daftari na viatu vizuri, akaniuliza habari za rika. Nikamweleza. Wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja ni rika moja, na watu wa rika moja ni ndugu. Kwa hiyo binti wa mmoja wao ni binti wa wote, wala hakuna kati yao awezaye kumwoa. Akaandika. Akauliza, je, mtu akimpenda binti wa mwenzake? Nikamwambia hamwoi. Akaandika hilo pia, akanishukuru, akaenda zake. Nilishinda siku nzima na hasira, na mtu wa watu hakunikosea lolote. Nadhani ilinichoma kuona kwamba jambo lililommaliza dada yangu limetosha katika mistari miwili ya daftari.

Nilikuwa mtoto wa miaka minane au tisa, enzi za Wadachi. Kwetu kulikuwa juu, katika migomba ya miteremko ya Meru, na kutoka uwanjani petu tuliona chini kule ukuta mweupe wa boma lao. Mawe na chokaa ya ukuta ule walivibeba baba zetu, kwa viboko. Kabla ya viboko zilitangulia bunduki, na katika nyumba moja jirani na yetu alikufa baba na wanawe wawili wakubwa. Akabaki mjane na mtoto mmoja wa kiume, naye alikuwa hajatahiriwa. Kwetu asiyetahiriwa hawezi kusimamia nyumba. Hana kauli juu ya shamba wala ng'ombe. Ni mtoto tu, hata akiota ndevu.

Yule mjane akawaendea wazee akilia, akaomba nyumba yake isifutike. Tohara ya rika la baba yangu ilikuwa imekwisha kufungwa. Wazee wakamhurumia, wakaifungua tena kwa ajili ya mtoto huyo mmoja, wakamtahiri akiwa na miaka labda kumi na mitatu na kumtia mkiani mwa rika. Basi akawa mtu mzima, ndugu wa baba yangu ambaye wakati huo alikuwa ameshaoa na dada yangu mkubwa anaota meno ya pili. Ilikuwa huruma tupu. Ndiyo maana mpaka leo sina mtu wa kumlaumu nikaridhika.

Nilipopata akili za kutazama watu, yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye mikono mikubwa, fundi wa mifereji. Maji yalipokatika shambani ndiye aliyepanda juu msituni kuzibua. Jioni alikuja kukaa na baba na wenzake kwenye vigoda, uso wake laini katikati ya mvi zao, nao wakimtania kwamba ni mzee aliyesahau kuzeeka. Alicheka. Nami nilipopita nilimwamkia kama nilivyowaamkia wote.

Kuamkia kwetu ni hivi. Mtoto haongei. Anamwendea mtu wa rika la baba yake, anasimama mbele yake na kuinamisha kichwa, kisha anangoja. Yule baba anamwekea kiganja utosini. Hapo mtoto ameamkia, na baba amekubali kwamba huyu ni mwanawe. Mtoto akiinama asiguswe, ni kama amekataliwa, na mama zetu waliogopa jambo hilo kuliko homa. Nilipenda sana kuamkia. Nilisifiwa kwa adabu, na mtoto anayesifiwa kwa adabu ni mtoto wa hatari.

Dada yangu alikuwa amefikia kuolewa. Naye alitakiwa kuinama vilevile, kwa maana binti hakui mbele ya baba zake. Lakini nikaona kitu. Alipofika mbele ya yule kijana na kuinamisha kichwa, kijana aligeukia mlima akajitia hamnazo, au akainama kufunga kiatu chake cha ngozi ambacho hakikufunguka. Mwaka mzima hakumgusa kichwa. Nilidhani amemkasirikia, nikamwonea dada huruma, nikamwambia, naye akacheka mpaka akakaa chini. Sikuelewa anacheka nini.

Mwishowe dada alimwambia mama, kule mferejini, mimi nikiwa nafua vazi langu la ngozi hatua chache tu. Hakuficha. Alisema hamtaki mwingine ila yule kijana. Mama akamuuliza kama wameshalala pamoja, akasema bado, wala hawatathubutu. Mama akashika kichwa kwa mikono miwili. Kwetu mtu wa rika akilala na binti wa mwenzake hutengwa, hapewi hata moto na jirani, na yule binti hubeba neno lake mpaka kaburini.

Baba alipoambiwa hakufoka. Alikaa siku mbili akitafuta njia, siku ya tatu akaenda kwa msemaji wa rika. Baba yangu alikuwa mpole, na alimpenda yule kijana kuliko wengi wa umri wake mwenyewe. Alikuwa amepata njia. Kijana alitahiriwa baada ya tohara kufungwa. Basi kwa nini asihesabiwe na wale waliofuata? Aliyemtahiri alikuwa ameshakufa, na hapakuwa na sherehe kamili. Rika likikubali kumtoa, atashuka kwenye rika la vijana, na binti wa baba yangu hatakuwa binti yake tena.

Kushuka si jambo dogo. Angepoteza kigoda chake barazani, akaketi majanini na vijana aliokuwa akiwaamuru, akachekwa, tena angengoja miaka kadhaa mpaka rika hilo liruhusiwe kuoa. Alikubali yote. Dada naye alikubali kungoja. Nakumbuka siku zile alivyokuwa akiimba akimenya ndizi, na mama akimwambia apunguze sauti, bado hapajaamuliwa kitu.

Watu wa rika wakakutana uwanjani kwetu, asubuhi moja yenye jua. Walikaa kwenye vigoda kwa safu, kutoka mlangoni hadi ukingo wa migomba, na yule kijana alikaa mwisho kabisa, chini, majanini. Msemaji alimuuliza kila mmoja, na mmoja baada ya mwingine wakasema atoke, hana kosa, ni sisi tulimwingiza. Mzee mmoja tu ndiye aliyeshikilia kwamba rika si vazi la kuvaa na kuvua. Lakini hata yeye, mama aliniambia baadaye, alikuwa ameanza kuchoka.

Haya niliyajua baadaye. Mimi hakuna aliyeniambia kitu. Nani anamweleza mtoto mambo ya wazee? Nilikuwa nyuma ya nyumba nikichezea magome ya migomba, mama akaniita, akanipa pembe la ugoro nimpelekee baba. Akili yake ilikuwa imejaa mambo mengine. Aliponipa alinifuta pua kwa kidole chake, akanisukuma mgongoni.

Nikatokea uwanjani. Safu nzima ya baba zangu imeketi, na mimi ndiye mtoto wa adabu. Nilimpa baba ugoro wake, kisha nikaanza mwanzo wa safu. Niliinama, nikaguswa. Nikasogea, nikainama, nikaguswa. Hawakunizuia, mikono yao ilikuwa ikinigusa huku macho yao yako kwa msemaji. Nilifika mwisho wa vigoda, nikamwona yule kijana amekaa chini, nikaona ajabu kidogo, labda kigoda kimepungua. Nikamwendea. Nikasimama mbele yake, nikainamisha kichwa, nikangoja.

Nilingoja kuliko kwa wengine wote. Niliona vidole vya miguu yangu, na mchwa mmoja akipita kati yake. Uwanja ulinyamaza. Nikaogopa kwamba nimekosa kitu na sasa sitaguswa, mbele ya watu wote, na machozi yakaanza kunilenga. Ndipo kiganja kikaja utosini pangu, kizito, chenye joto, kikatulia hapo.

Yule mzee mmoja akasema, bila kupaza sauti, "Baba amemkubali mwanawe. Tuendelee kuzungumza nini?"

Baba yangu alikuwa ameshika pembe la ugoro, hajalifungua. Msemaji akamtazama, akatazama chini. Wote walikuwa wameona. Mtoto wa nyumba ile ile inayobishaniwa amekuja kwa miguu yake, ameinama, na kijana amemkubali kuwa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya rika zima. Hakuna maneno ya mtu mzima yangefuta hilo.

Nimelifikiri jambo hili maisha yangu yote. Pengine ni mazoea tu, mkono ulitangulia akili. Lakini mimi siamini. Mazoea hayachelewi hivyo. Naamini alikaa pale akijua kabisa ni kitu gani kinamngoja mbele yake, na akamwona mtoto anayetaka kulia, akashindwa kumwacha bila kuguswa. Mtu aliyeweza mwaka mzima kutomgusa dada yangu alishindwa kunikatalia mimi, kwa dakika moja.

Nilirudi nyuma ya nyumba. Dada alikuwa anamenya ndizi, utomvu umemtia weusi vidoleni. Aliniuliza mbona wamenyamaza. Nikamwambia sijui, nimewaamkia tu.

"Na yeye?"

"Na yeye."

"Alikugusa?"

Nikasema ndiyo, nikijisifu. Hakunipiga. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine yoyote, na ningependa sana angefanya hivyo. Alichukua ndizi nyingine akaimenya, na nyingine, mpaka chungu kikajaa ikawa haziingii tena, naye bado anamenya.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeshabatizwa na kujua kusoma, nilimsimulia mchungaji. Akasema hayo ni mambo ya giza, wangeweza kukimbilia misheni wakafunga ndoa huko. Nilimwitikia kwa adabu. Misheni ilikuwepo siku zile zile, nyuma ya kilima tu, na dada aliijua njia. Lakini wangekimbilia huko wakiwa nani? Kijana angebaki mtu aliyemwoa binti yake, na baba yangu angebaki uwanjani peke yake. Nilimwona baba akijaribu kuanzisha neno lile tena kwa msemaji mara mbili, na mara zote mbili alirudi ameinamisha mabega kama aliyekuwa amebeba mawe ya boma.

Haukupita msimu mmoja wa mvua, dada akaposwa na mtu wa tambarare, mfugaji mwenye umri wa baba. Siku ya kuondoka walimnyoa kichwa, wakampaka mafuta na udongo mwekundu mpaka utosi ukang'aa. Baba zake wa rika walikuja kumbariki, wakasimama safu ile ile. Msemaji alikuwa ameagiza yule kijana awepo, ili lisibaki neno lolote midomoni mwa watu. Alikuja. Alisimama mwisho, kwa kuwa ndiye mdogo.

Dada akapita akiinama kwa kila mmoja. Alipofika mwisho akasimama, akainamisha kichwa, akasema, "Nibariki, baba." Safari hii hakuutazama mlima. Akaweka kiganja juu ya utosi ule, akasema, "Nenda, mwanangu. Mungu akupe watoto." Sauti ilitoka sawasawa, kila mtu akaisikia. Kisha dada akashika njia ya bondeni. Bibi harusi kwetu hatazami nyuma, naye hakutazama.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya njia. Wanaume walipoanza kutawanyika yule kijana akapita kwangu, nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuinama. Nilikaza shingo. Nilitaka angalau mara moja nisifanye. Baba akaona, akaniuliza kwa ukali, kwa sababu siku ile alihitaji kumfokea mtu, adabu yangu imekwenda wapi. Watu wakageuka.

Nikainama. Akaniwekea mkono kichwani, na ulikuwa bado una mafuta ya dada.