Mitungo ya Korosho Tisa

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, watu wote wa kijiji chetu cha ujamaa, ndani huko njia ya Likawage, walikuwa msikitini, na mimi nilikuwa naiba korosho. Uniwie radhi nikianza na aibu. Nimeishia darasa la nne, sijui kupaka maneno asali.

Tulipohamia kijijini, mimi ndiye niliyepewa watoto wadogo niwafundishe hesabu katika banda la makuti. Niliwaimbisha moja, mbili, tatu, mpaka mia, fimbo mkononi. Wazazi wakipita wananiita mwalimu. Neno lile, kwa kijana asiye na hata viatu, lilikuwa tamu kuliko ubwabwa wa arusi.

Kisha akaja Mwalimu Zainabu, binti wa mjini, mtaa wa Rasbura, amefunzwa njia wanayoiita Montessori, ambayo mtoto huishika hesabu kwa mikono kabla ya kuisema. Alitunga korosho kumi kumi kwa ukindu, kama mitungo ya samaki. Watoto wanakaa duara mkekani, kikundi kizima hesabu moja: huyu analeta korosho moja moja, yule mitungo, na zile moja moja zikifika kumi wanazibadilisha kwa mtungo mmoja. Hakuna fimbo. Wanacheka. Watoto wangu wakaanza kuhamia kwake, kwanza wawili, halafu nusu. Hata shikamoo yao kwangu ikawa ya kupita njia.

Wivu, sikufichi, ulinilaza na kuniamsha. Niliuchukia mkeka wake. Nilivichukia hata vidole vyake, vile visivyo na haraka. Nikasikia kwamba Jumatatu mwenyekiti na wazazi watakuja kutazama, waamue nani abaki na watoto. Basi Ijumaa ile nikaingia bandani kwake, nikafungua mitungo saba, nikatoa korosho moja kila mtungo, nikafunga tena. Zile saba nikazichoma harakaharaka, hata hazijaiva sawasawa nikazibangua kwa meno, nikala.

Jumatatu ikafika. Somoe, kitoto cha miaka sita, akapitisha vidole kwenye mtungo wake. "Mwalimu, huu una tisa." Wenzake wakapapasa yao, wakaitenga yote saba. Mwalimu Zainabu wala hakushtuka. Akawauliza tu zimepungua ngapi. Saba, wakasema. Mwenyekiti akaichukua mitungo ileile akawapelekea watoto wangu, wakubwa kuliko Somoe, akauliza hapa kuna korosho ngapi. Wakaimba nilivyowafundisha: kumi, ishirini, thelathini, mpaka sabini. Hakuna aliyegusa. Somoe akacheka, akasema ni sitini na tatu.

Nikapangusa mdomo kwa kiganja. Hapo Bi Mwanahawa, shangazi yangu, aliyebangua korosho maisha yake yote, akanitazama. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, na midomo yangu ilikuwa imevimba, myeusi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mdomo huo umekula hesabu ya nani?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hawakunifukuza. Afadhali wangenifukuza. Watoto wakapewa Mwalimu Zainabu, naye, mdogo kwangu, akaniwekea ukindu na korosho saba mkononi. "Kaka, zirudishe. Ukimaliza, kaa pale karibu na Somoe."

Nikakaa. Nilikaa mwaka mzima, magoti yakiniuma, nikipangwa na vitoto. Na hesabu niliyopimia shamba langu la mikorosho, na nyumba hii unayoiona, niliipata mkekani pale. Lakini hata leo nikisikia Zainabu anasifiwa, midomo huniwasha kidogo. Wivu haufi, mwanangu, unazeeka nawe.

Basi nakwambia: ukimwona mwenzio anaifanya kazi yako vizuri kuliko wewe, usikipunguze chake. Kaa mkekani kwake ujifunze, hata kama kiburi kinauma kuliko magoti. Na siku ukifundisha, mpe mtoto kitu ashike, maana aliyeshika hadanganyiki.

Mwenyezi Mungu akujaalie vidole visivyo na haraka, na kila mtungo utakaoufunga, siku ukihesabiwa, ukutwe umetimia.