Kengele Mbili za Bwana Afya

Juzi nilikuwa Ilula nangoja basi la Iringa, akafika Bwana Afya wa maeneo yale akikokota baiskeli yenye pancha. Fremu inang'aa kwa mafuta, kengele mbili, kioo pembeni. Akamkabidhi fundi wa barabarani, kisha akamgeukia mama aliyekuwa akiuza nyanya.

"Kamwene, mama. Kile choo nilichokikataa umekibomoa?"

"Bado, baba. Lakini nimekipaka chokaa."

"Chokaa ni ya juu. Mimi naangalia chini, kwenye miti iliyooza. Kitakuja kumzamisha mtu."

Fundi akafungua gurudumu la mbele. Ndani ya tairi mlikuwa na kipande cha tairi kuukuu, kimeshonwa kwa uzi kufunika tundu. Ekseli ikatoka na gololi chache zilizolika. Raba za breki hazikuwepo; palifungwa ngozi ya kiatu. Fundi akavipanga vyote juu ya gunia, akamtazama mwenye mali.

"Ziba pancha tu," akasema Bwana Afya, huku akifuta kioo kwa leso. "Hayo mengine hayaonekani."

Mama akapanga nyanya zake upya, zile nzuri zikakaa juu. "Kumbe, baba," akasema taratibu, "siku hizi chini hapaangaliwi."

Wakaguzi nimewaona wengi, na wote wana macho makali wakiwa uani kwa watu. Pancha ilipozibwa Bwana Afya akapanda, akashika njia ya mteremkoni akipiga kengele zote mbili. Hizo zilikuwa nzima kabisa.