Mlango wa Bi Maua

Asubuhi ile nilikuwa nimejitwika ugali wa mhogo na majani ya kunde, napeleka kwenye nyumba ya mwali. Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na kazi ya kupeleka chakula ilikuwa yetu sisi wanawake tulioolewa karibuni. Nilinung'unika njia nzima. Dadi, mume wangu, alikuwa ameondoka kwenda kuwabebea mizigo wapigania uhuru, na nilikuwa na hakika kwamba huko porini kuna wanawake wapishi. Wivu ninao tangu utotoni, sifichi.

Ndani ya nyumba ile alikuwamo mwali mmoja tu, Amina, pamoja na kungwi wake, Biti Alimasi, ambaye ndiye aliyenicheza unyago mimi pia. Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani akafundwa mpaka siku ya kutolewa. Haoni jua wala haonwi na mwanamume. Na kungwi si wa siku zile tu. Ukiolewa ukapigwa, unakimbilia kwake, na mumeo hana ruhusa ya kuvuka kizingiti chake.

Nilipofika, watu walikuwa wanakimbia kuelekea mtoni. Askari wa Wareno walikuwa wameonekana mashambani. Nikamwambia Biti Alimasi tuondoke.

"Mwali hajatolewa," alisema. "Nitamtoaje juani?"

Nilibaki kumbembeleza. Hapo ndipo tulipochelewa.

Askari walipofika, Biti Alimasi alisimama mlangoni, mikono yake miwili kwenye miimo. Akawaambia kwa lugha yetu kwamba humu mwanamume haingii. Kila mwanamume niliyemjua angegeuka akarudi alikotoka.

Hawa hawakujua.

Walimpiga risasi palepale, wakamruka.

Yaliyofuata yalitupata Amina na mimi, na sitayasimulia zaidi ya hapo. Amina hakuamka. Mimi niliamka.

Nilivuka mto na wenzangu, nikafikishwa Rutamba, upande wa bara kutoka Lindi, ambako serikali ilituweka sisi wakimbizi. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa bado mbichi, na kila mkutano tuliambiwa kwamba sisi ni ndugu. Tulipewa blanketi, unga, majembe na mashamba. Mwenye njaa alikuwa na pa kwenda, na mwenye homa alikuwa na zahanati.

Dadi alinifuata msimu wa korosho ulipokwisha. Nilifurahi mpaka nikalia. Kisha watu wakamweleza nilikuwa kwenye nyumba gani siku ile. Tangu hapo alikuwa akiniuliza maswali tukiwa tunakula, na majibu yangu yote yalikuwa mabaya, halafu ananipiga. Aliwaonea wivu wale askari, kana kwamba nilikwenda nao ngomani. Mimi mwenye wivu naujua wivu, na ule wake ulinitisha.

Nilikwenda zahanati. Mganga alinisafisha jicho, akamwita mgonjwa mwingine. Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mpole wa watu.

"Mama, hayo ni ya chumbani," alisema. "Nikiingia mimi, nitatokea wapi?"

Sasa nimseme jirani yangu Fatu, Mmwera, mzaliwa wa palepale. Mumewe naye alikuwa na mkono mwepesi. Lakini Fatu akipigwa alijitanda kanga yake, akaenda taratibu mpaka kwa kungwi wake, Bi Maua. Huko alisingwa na kulishwa uji wa nazi. Mumewe alikuja na kuku, akaketi chini uani mbele ya wanawake, akalitaja kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe. Fatu alirudi nyumbani ananukia. Nilimwonea gere mpaka chakula hakipiti. Wala si kwa mikorosho yake. Nilimwonea gere kwa ule mwendo wake wa taratibu.

Mchana mmoja Dadi alinipiga kwa mchi. Nikakimbilia kwa Bi Maua bila kufikiri. Fatu alikuwamo, amekaa mkekani. Bi Maua akanipa maji, na kabla sijayamaliza Dadi akawa amefika uani.

"Shikamoo bibi," alisema kwa adabu zote. "Nimemfuata mke wangu."

"Marahaba."

Bi Maua alinigeukia. "Mwanangu," akasema, "sikukucheza mimi. Sina kauli juu yako."

Dadi akanishika mkono tukaondoka. Fatu alibaki kwenye mkeka wake. Siku ile nilimchukia kuliko nilivyomchukia Dadi.

Uvimbe ulipopungua nilirudi kwa Bi Maua, nikamkuta anapepeta mpunga.

"Bibi, nataka unicheze."

Alicheka. "Mtu mzima hivi? Wewe si umeshachezwa kwenu?"

"Aliyenicheza amefia mlangoni."

Nikamweleza yote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasema. Bi Maua aliweka ungo chini, na kuku walipoanza kuula ule mpunga hakuwafukuza.

"Mabinti wanaingia unyagoni baada ya mavuno," alisema. "Utaingia nao."

Basi nikawekwa ndani, mwanamke mzima, katikati ya vitoto vinavyonicheka. Dadi aliona ni upuuzi, akaniruhusu. Nyimbo nyingine zilikuwa zilezile za kwetu, ila maneno yamegeuzwa kidogo. Nilijifanya sizijui. Ule mmoja aliokuwa akiupenda Biti Alimasi ulinishinda, nikalia, na wale watoto wakaacha kucheka.

Nilipotolewa, Dadi hakukawia kunipiga tena. Nikajitanda kanga, nikatoka kwa mwendo wa Fatu. Nusu ya njia nilimsikia nyuma yangu, nikatimua mbio. Alikuwa na mchi mkononi.

Bi Maua alinipisha ndani, akasimama mlangoni, mikono yake miwili kwenye miimo.

Niliuona mgongo wake tu.

Nikafumba macho.

"Humu mwanamume haingii," alisema.

Nikausikia mchi unawekwa chini.

Kesho yake Dadi alikuja na kuku, akaketi uani. Alihangaika sana kupata la kusema. Mwishowe akasema, "Nawaonea wivu wale askari." Hakuna aliyecheka.

"Waonee hasira, baba," Bi Maua alimwambia. "Mwenzio alikuwa amepeleka ugali."

Dadi alipunguza kunipiga, lakini hakuacha kabisa. Nilikwenda tena kwa Bi Maua, na tena, siku hizo kwa mwendo wa taratibu. Vita vilipokwisha ng'ambo, wengi wetu walirudi, na Dadi akataka turudi. Nikamwuliza huko nitakimbilia kwa nani. Akaenda peke yake. Baadaye nilisikia ameoa, nikaona wivu, ndiyo, nikasusa chakula kama mtoto.

Bi Maua amezikwa nyuma ya mikorosho yake. Kila Shaabani mimi na Fatu huenda kulifagia kaburi lake, yeye upande wa kichwa kwa sababu alinitangulia kuchezwa, mimi upande wa miguu. Bado namwonea gere. Kungwi wake ni mmoja, na anajua alikolala. Nikimaliza upande wangu huendelea kufagia hapo kando, mahali patupu panapotosha watu wawili, kungwi na mwali. Fatu hunisubiri.