Sarafu Chini ya Misumari

Wazazi walipokufa niliacha shule niwalee wadogo zangu, na baba mdogo akahamia katika nyumba yetu ya Kadutu, hapa Bukavu, kana kwamba tulimwita. Nilikuwa nakusanya sarafu za Wabelgiji zenye tundu katikati, ambazo tangu pesa mpya za makuta ziingie hakuna maman wa soko aliyezipokea. Niliyoipenda zaidi ilitobolewa vibaya huko kiwandani, tundu likaangukia pembeni.

Siku moja nikitoka kuchota maji nilimkuta baba mdogo juu ya paa. Alikuwa anapigilia mabati, na chini ya kila kichwa cha msumari aliweka sarafu yangu ili mvua isipenye.

"Tonton, hizo ni zangu. Shuka."

"Zako? Hii iko franga ya wafu! Hata chumvi haiwezi kununua. Leo imepata kazi."

Alipokwenda kunywa pombe ya ndizi, nilipanda na koleo nikang'oa misumari na kuzitoa zote. Ile ya tundu la pembeni ilikuwa kwenye bati lililo juu ya kitanda chake.

Mvua ya Bukavu haikuchelewa. Alipopiga kelele kwamba godoro limelowa, nilimwambia nyumba ya baba yetu ina mlango wa kutokea pia.