Povu la Jezi ya Atuganile

Maji ya bomba ya Mbeya mwezi wa sita, jogoo akiyanywa alfajiri, kwa baridi sauti inamtoka adhuhuri. Msibishe, Tekla alimwona jogoo huyo. Na ndiye aliyetumbukiza mikono humo kila siku, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufulia watu nguo. Alitoka Ilula kumfuata mume; mume akafariki, beseni likabaki.

Nguo haikuwahi kumshinda. Suruali ya fundi gereji mmoja aliifua mpaka mwenyewe akaikana. Lakini alikuwa na siri: wakati wa baridi aliongeza sabuni ya unga na kupunguza maji. Alisuuza mara moja tu, vidole visije vikadondokea kwenye beseni, kisha akaizamisha nguo kwenye dawa ya kulainishia yenye harufu ya maua. Mteja alinusa, akashukuru, akaenda zake.

Jumatano akaja Atuganile, binti wa jirani, anayekimbia milima ile kama deni linamfuata.

"Kamwene, bibi!" Mnyakyusa huyo alipenda kumsalimia kwa Kihehe, lugha ya Tekla, kwa utani.

"Kamwene, mjukuu. Na hiki nini, ganda la kitunguu?"

"Jezi ya mbio. Kanipa kocha Sosthenes. Sabuni kidogo, bibi, suuza mpaka povu liishe. Na hiyo dawa yako ya maua usiitie kabisa. Inaziba kitambaa, jasho linakosa pa kutokea."

"Kumbe nguo inapumua! Basi niipikie na uji."

"Bibi, nisikilize. Jumamosi wanachaguliwa watatu wa kwenda kushindana Iringa."

"Nimesikia. Nenda kakimbie."

Akaiinua jezi, akainusa. Mama yangu! Jasho lile lingeweza kusimama lenyewe na kudai kiti. Tekla akatia sabuni konzi mbili. Harufu haikutoka, akatia ya tatu. Maji yakamng'ata, akasuuza mara moja. Kisha akamimina dawa ya maua, kifuniko kizima.

"Ulifua nilivyokwambia?" Atuganile aliuliza alipokuja kuichukua.

"Vilevile," Tekla akajibu. Neno lilitoka laini, kama limelainishwa nalo.

Jumamosi jua liliwaka. Kwenye kilima cha mwisho Atuganile alikuwa wa pili, akajimwagia maji mgongoni. Hapo povu likaanza. Lilitoka kwapani, likashuka kiunoni, na wasemao kweli wanasema lilimfuata barabarani kama mkia wa bibi harusi. Jezi ikamganda, makwapa yakachubuka, vijana kando ya barabara wakapiga kelele: "Dada, umemeza sabuni?" Akamaliza wa nne.

Tekla alicheka aliposimuliwa. Akacheka mpaka alipomsikia mama yake Atuganile upande wa pili wa ukuta, akisema binti hali chakula. Anadai mwili wake una ugonjwa, mtu mwenye afya hatoi povu kama ng'ombe wa kulimia. Kocha ameomba arudie mbio kuwania nafasi ya wa tatu, aliyeteguka mguu. Binti amekataa. Viatu amevifunga kwenye mfuko, avigawe.

Siku mbili Tekla aliendelea kufua. Kila povu alilolipiga lilimtazama. Angenyamaza tu, nani angejua? Binti mwenyewe alikuwa anajilaumu, tena kwa bidii.

Siku ya tatu akabisha hodi kwao.

"Niletee ile jezi. Na wewe mwenyewe uje bombani."

"Ya nini, bibi? Sikimbii tena."

"Njoo, mtoto, kabla sijapata akili ya kurudi ndani."

Akajaza beseni maji matupu. Hakutia hata chembe ya sabuni. Akaizamisha jezi, akaikamua. Povu likapanda jeupe mpaka viwikoni. Akamwaga, akajaza tena. Beseni la pili, povu. La tano, povu. Vidole vilikuwa vimekufa, lakini hakuthubutu kuvipuliza.

"Huna ugonjwa," akasema, macho kwenye beseni. "Una mimi. Nilitia sabuni konzi tatu, na ile dawa, na nikasuuza mara moja kwa kuogopa baridi. Halafu nikakudanganya."

Kwenye beseni la saba maji yakabaki maji.

"Mama alitaka kunipeleka kwenye maombi, bibi."

"Wangeniombea mimi."

Binti hakucheka. Akachukua jezi, akaikung'uta, akaondoka nayo.

Alirudia mbio, akaenda Iringa. Siku hizi kwao wanamletea Tekla mashuka, sare, hata mapazia. Jezi haimo. Hiyo Atuganile huja nayo mwenyewe, akaifua palepale bombani pa Tekla, sabuni ya kuonjea tu, akaisuuza mara nne na vidole vikigeuka zambarau.

"Lete nikusaidie, mjukuu," Tekla husema kila mara.

"Kaa tu, bibi. Pumzika."

Na Tekla hukaa, mikono mapajani, mikavu, akihesabu mara anazosuuza binti.