Rubani wa Saltley na Nadhiri ya Mama Yake

Asmahan alipokata kona kuingia mtaa wao wa Saltley, huko Uingereza, hakuona pa kuegesha gari. Magari yalikuwa yamepangana pande zote mbili mpaka mlangoni kwa fundi wa matairi, na harufu ya pilau ilikuwa imetoka nje kupokea wageni. Akajua kuna shughuli. Asichokijua ni kwamba shughuli yenyewe ilikuwa yake.

Yeye alikuja kwa jambo moja tu, kuzungumza na mama yake faraghani. Asmahan ni rubani wa helikopta katika jeshi la anga la Uingereza, kazi aliyoishika tangu amalize chuo kikuu, na mkataba wake ulikuwa ukingoni. Mkuu wake wa kikosi, bwana mmoja mpole aitwaye Derrick, alikuwa amempa achague. Abaki jeshini moja kwa moja kwa miaka mingine na apandishwe cheo, au aingie katika askari wa akiba, avae sare siku chache za mwezi, na siku zilizobaki afanye kazi ya kiraia. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na mwanamke huyu, ambaye huitua helikopta katikati ya vumbi bila jasho kumtoka, alikuwa hajui ashike lipi.

Cheo chenyewe kilikuwa cha ofisini. Angepewa meza, zulia zuri na mikutano, na kurusha angerusha mara moja moja, tena kwa kuomba. Wale wa akiba walimtaka arushe, na kwa siku zake nyingine kulikuwa na watu wa helikopta za kubeba majeruhi waliokwisha kumwambia njoo. Mtu mwingine angejibu palepale. Lakini akiba ni kuwa askari nusu, na hilo neno nusu hakulipenda. Asmahan hajawahi kufanya kitu nusu tangu azaliwe. Utotoni, wenzake wakifunga Ramadhani mpaka adhuhuri na kusifiwa, yeye alikaza mpaka magharibi na akazimia mbele ya bakuli la tambi. Aliona akiingia akiba watu watasema ameshindwa, au watasema mama yake amemtoa jeshini kwa machozi.

Na machozi yalikuwapo, tusidanganyane. Mama yake ni Bi Nunu, mzaliwa wa Unguja, mjane, dereva wa basi linalopita Soho Road, mwenye sauti ya kumshusha mlevi garini bila yeye kuinuka kitini. Siku Asmahan alipokula kiapo cha jeshi, Bi Nunu alilia mpaka shungi likalowa, kisha akaweka nadhiri mbele ya mashahidi: mwanangu akitoka jeshini salama, nitachinja mbuzi wawili niwalishe watu. Kwa asiyejua, nadhiri si maneno ya kupitisha wakati. Jambo likitimia, sharti uitoe, na aliyeiweka haonji nyama yake hata kipande. Nyama yote ni ya watu.

Wiki moja kabla, Asmahan alimwambia kwa simu kwamba huenda akachukua hiyo nusu, yaani akiba, na akiichukua atakuwa nyumbani zaidi. Bi Nunu aliyasikia maneno yote, masikio yake hayana kasoro. Ila moyo wake uliokota lile la mwisho tu ukakimbia nalo. Kesho yake alikuwa Alum Rock Road kwa muuza nyama, anachagua mbuzi.

Basi Asmahan akafungua mlango akapigwa na vigelegele. Wanawake wa Unguja na wa Dar waliojaa ukumbi wa nyuma walimkumbatia mmoja mmoja, wakamwambia hongera, umerudi, umempumzisha mama yako. Bi Aida wa nyumba ya pili alimfukiza udi mpaka akakohoa. Chumba cha mbele walikaa wanaume pamoja na Ustadh Haroun, aliyealikwa kusoma dua. Asmahan alitabasamu, akaitikia salamu zote, akajipenyeza kupitia jikoni mpaka uani, kwa sababu alihisi akisimama pale kidogo tena atapiga kelele.

Uani alimkuta Mzee Jagjit amekaa kwenye kiti cha plastiki, analinda masufuria. Mzee Jagjit ni Singasinga mzaliwa wa Nakuru, aliyeendesha mabasi pamoja na Bi Nunu mpaka alipostaafu. Masufuria hayo makubwa aliyaazima kwenye gurdwara, hekalu lao kule Handsworth, kwa sharti moja ambalo hata Bi Nunu hakuthubutu kubishana nalo: yasiguswe na nyama, kwa kuwa ndiyo yanayotumika kuwapikia watu wote kule, na kule hailiwi nyama. Kwa hiyo ndani yake mlikuwa na pilau kavu, isiyo na nyama, na maharage ya nazi. Mbuzi wenyewe walipikwa jikoni, katika vyungu vya majirani, kila chungu na kifuniko cha mwenzake. Mzee Jagjit alikuwa hatoi macho kwenye mwiko.

"Kila mtu amekupea hongera," alisema. "Mimi bado. Hiyo uso yako si ya mtu amerudi nyumbani."

Asmahan akakaa juu ya kreti akamweleza yote: meza, zulia, cheo, akiba, na Jumatatu. Alimwambia linalomuuma zaidi ni kukataa cheo. Mama yake alihangaika na zamu za alfajiri ili yeye asome, na sasa apewe kupanda aseme hapana?

Mzee Jagjit alicheka mpaka akashika kilemba. "Na mama yako si alikataa cheo yake? Walimtaka awe inspector wa mabasi, Asma. Koti mpya, gari ndogo, ofisi iko na heater. Sisi wote tulikuwa tunaitaka hiyo kazi."

"Aliniambia hawakumchagua."

"Walimchagua. Yeye ndiye alikataa. Aliuliza manager, sasa basi nitaendesha na nini, na kalamu?"

Asmahan alicheka, na katikati ya kicheko macho yakamjaa machozi. Miaka yote hiyo alimwonea mama yake huruma kwa kazi ile ya usukani, akidhani hakupata nyingine. Kumbe mama alikuwa pale alipotaka kuwa. Akamwona sasa akilini, na mabega yake yale mapana, akiliingiza basi Soho Road asubuhi ya mvua, limejaa watu mpaka ngazini, na yeye anaimba kwa sauti ndogo. Akalijua jibu lake. Alitaka kurusha. Cheo hakukitaka, na hakuwahi kukitaka, alikuwa akiona aibu tu kukikataa. Alifurahi kama mtoto, kisha akakumbuka mbuzi waliomo jikoni.

Akaingia jikoni akamkuta Bi Nunu anakatakata vitunguu vya kachumbari, yuko peke yake kwa bahati. Asmahan akasimama karibu naye.

"Mama, nimeamua. Nitaingia reserve, kule akiba. Nitakuwa hapa zaidi, wallahi. But sijatoka jeshini, Mama. Sare nitavaa, nitarusha, na wakiniita niende mbali, nitakwenda."

Kisu hakikusimama. "Kwa hiyo hujatoka."

"Sijatoka."

"Na hawa mbuzi, mwanangu?"

Asmahan akauliza la kwake: mbona hukuniambia kama walikutaka uwe inspekta? Bi Nunu akatupa jicho uani, kule alikokaa Mzee Jagjit, jicho ambalo lingemfanya abiria ashuke mwenyewe. Kisha akasema taratibu kwamba aliogopa. Angemwambia amekataa, mtoto angemuuliza sababu, na sababu ile angekuja kuwekewa mbele siku kama ya leo. Na kweli imewekwa. Akasema pia, bila kumtazama, kwamba mbuzi aliharakisha kuwachinja makusudi. Alidhani watu wakishakula na kushukuru, Asmahan ataona haya kusaini tena.

Asmahan angekasirika, ila ghafla alimwona mama yake amekuwa mdogo, amesimama na vitunguu vyake katika nyumba ambayo jioni huwa haina mtu mwingine. Akamshika mkono uliokuwa na kisu. Hawakupata nafasi ya kuongeza neno, maana sauti ya Ustadh Haroun ilivuka kutoka chumba cha mbele, na nyumba za Saltley zilivyo, kila aliyekuwamo aliisikia.

"Bi Nunu, tuko tayari. Tunasoma kwa nia gani? Ile nadhiri imetimia?"

Hilo lazima aliulize. Dua haianzi mpaka mwenye shughuli aseme nia yake, na akishaisema imesemwa, mbele ya Mungu na mbele ya majirani. Akisema ndiyo, mwanawe ameshatoka jeshini, na Asmahan akipanda helikopta baada ya hapo atakuwa amemtia mama yake uongoni. Mikono iliyokwisha kuinuliwa ilibaki hewani. Wanawake waligeuka wote kutazama mlango wa jikoni.

Bi Nunu alifuta mikono kwenye kanga. Akafunua chungu cha karibu, akachagua kipande kizuri cha mbuzi chenye mfupa, akatoka nacho mpaka mlangoni pa ukumbi, pale watu wote wa nyuma walipomwona. Akakitia mdomoni. Akatafuna polepole, akameza.

Bi Aida alishika mdomo. Walioelewa walielewa: mwenye nadhiri ameonja nyama, basi nyama hii si ya nadhiri.

"Soma shukrani, Ustadh," alisema Bi Nunu. "Mtoto yuko hai na kazi yake anaipenda. Nadhiri yangu bado ninayo mwenyewe." Kisha akamgeukia Asmahan, aliyekuwa analia waziwazi sasa. "Na wewe chukua sahani ule. Umekonda huko."

Ustadh Haroun, aliyekuwa ameona mengi katika shughuli za watu, alicheka kidogo akasoma dua ndefu ya shukrani. Watu wakaitikia amina, wakala mbuzi na pilau kavu, na Mzee Jagjit akala maharage akihesabu masufuria yake kwa macho. Asmahan alipowaeleza uamuzi wake, hakuna aliyemwambia ameshindwa. Wengine walitaka tu kujua kama hizo helikopta za majeruhi zinaajiri madereva.

Jumatatu alimpigia Derrick akiwa palepale jikoni. Derrick alisema anasikitika na kwamba alikwisha kulijua jibu.

Ijumaa ya kwanza ya kwenda akiba, Asmahan alishuka ngazi amevaa sare, akamkuta mama yake mlangoni naye yuko ndani ya sare yake ya basi, ameshika chombo cha vitumbua. Akamsomea ile dua ya safari anayomsomea siku zote, akampulizia usoni.

"Nimeongeza mbuzi wa tatu kwenye nadhiri," akasema.

"Mama! Wa nini tena?"

"Wale wawili ni wa kukutoa jeshini, na hao sina haraka nao. Huyu ni wa kukurudisha." Akampa vitumbua, akafunga mlango, akatia funguo mfukoni. "Twende, utanichelewesha. Watu wangu wako kituoni."